KALENGA WANA HAKI YA KUSEMA HAPANA: SISI JE?



Katika Nyanda za Juu za Kusini, kiasi cha kilomita 15 kutoka mji wa Iringa, karibu na mto wa Ruaha Mdogo, kipo kijiji kiitwacho Kalenga. Msomaji wa visiwani huenda akauliza: gazeti letu hili lina nini na kijiji cha Wahehe kilichoko bara, mahali ambapo bahari haionekani wala haisikiki? Jawabu letu ni fupi. Mkaazi wa Kalenga aliyetimiza miaka 18, awe tajiri au fakiri, mwanamume au mwanamke, anayo kwa sheria haki moja ambayo mkaazi wa Makunduchi, wa Micheweni na wa Ng'ambo hana. Anayo haki ya kukaa katika mkutano wa kijiji chake, kumchagua kiongozi wake wa karibu kabisa, kuelezwa ardhi ya kijiji inakusudiwa kufanywa nini, na kusema hapana.

Haki hiyo twataka kuizungumza leo, kwa kuwa mkutano wa wakaazi usioweza kusema hapana hauna tofauti na watu waliokwenda kusikiliza ngoma.

Kalenga imepata kuona kila namna ya kupangiwa. Tarehe 30 Oktoba 1894 majeshi ya Wajarumani, yakiongozwa na Gavana von Schele, yaliipiga kwa mizinga ngome ya Mtwa Mkwawa iliyokuwa hapo Kalenga, yakaiteka. Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kuliko kukamatwa. Lakini Wajarumani hawakutosheka na kuivunja ngome. Waliuhamisha mji wenyewe, wakajenga kituo kipya mahali palipo mji wa Iringa wa leo, na jina wakalichukua pamoja nao. Kwani yasemwa kuwa neno Iringa latokana na lilinga la Kihehe, maana yake ngome. Mpango ule wa mji ulipitishwa na mzinga, na mwenyeji akaambiwa afuate.

Ikaja zamu ya Waingereza. Tarehe 19 Juni 1954 umati wa watu ulikusanyika Kalenga kulipokea fuvu la Mkwawa, ambalo habari zake zilikwisha kuandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na ambalo Gavana Twining alikuja nalo kutoka Ujarumani. Ilikuwa siku ya heshima, wala sisi hatuidharau. Fuvu lile lingali katika nyumba ya makumbusho ya Kalenga, na wageni huenda kulitazama. Hata hivyo umati wa siku ile uliitwa ili usikilize na upokee. Gavana alisema, na watu wakasikia. Aliyelipokea fuvu kwa niaba ya Wahehe alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika. Kazi ya Spika ni kumpa kila mtu zamu yake ya kusema, kisha kuhesabu kura. Mjukuu alipewa kazi hiyo katika Bunge Dar es Salaam. Kijijini kwa babu yake ilibidi watu wangoje miaka mingi zaidi.

Kwa kuwa Uhuru nao haukuleta mara moja haki ya mkaazi kuamua. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kuwa kukaa katika vijiji ni lazima kwa wote, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa 1976. Mwaka 1974 operesheni ilifika katika mkoa wa Iringa. Watu wakahamishwa, na mara nyingi aliyechagua mahali pa kijiji kipya alikuwa ofisa aliyekuja kwa gari akaondoka kwa gari. Kabla ya hapo, tarehe 25 Desemba 1971, Isimani, katika Iringa hiyo hiyo, Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Kleruu alikwisha kuuawa na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi uliotokea shambani. Sisi hatutetei mauaji, wala hatutayatetea kamwe. Twasema tu kwamba pale ambapo mkulima hana mkutano wa kulipeleka neno lake, na ofisa hana mkutano wa kumzuia, ugomvi wa ardhi huishia mahali pabaya, na watoto wa pande zote mbili hubaki mayatima.

Hiyo ndiyo khabari ya Kalenga na jirani zake kwa miaka themanini: mzinga, hotuba, na operesheni. Sasa tutazame sheria ilivyo.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, namba 7, ambayo ni ya wilaya za bara, yasema kuwa kila kijiji kitakuwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na kwamba kila mkaazi aliyetimiza umri ni mjumbe wake. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Hukutana kila miezi mitatu. Ndio unaoichagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kuanzia 15 mpaka 25, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, namba 5. Hii yasema kuwa Halmashauri huisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini aliyewekewa amana, wala hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi hiyo kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, namba 6, imekifanya kijiji kuwa chenye kujipangia: wapi palimwe, wapi pajengwe, wapi pachungwe, wapi pawe msitu, na wapi pazikwe maiti.

Zaidi ya hayo, yakitakiwa mapande ya ardhi ya kijiji yatolewe kwa matumizi mengine, na eneo lenyewe halizidi hekta 250, yaani zaidi kidogo ya ekari 600, basi Mkutano Mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya kijiji. Na kwa vyovyote vile, ardhi haihamishwi kabla fidia haijapatanwa.

Msomaji apime uzito wa maneno hayo. Chukua kijiji kilicho katika mahali pa Kalenga: karibu na mji unaokua, jirani ya njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, chenye makumbusho yanayovuta wageni, na mto unaotilia maji mashamba. Mwenye hoteli atakitamani. Dalali wa viwanja atakitamani. Mwenye kutaka bustani kubwa ya kumwagilia atayatamani mabonde, ambamo wenyeji hulima wakati wa kiangazi bustani zao waziitazo vinyungu. Bonde likichukuliwa, mama aliyekuwa akipata mboga na mahindi mabichi miezi ya njaa hana tena pa kuyapata. Ni haki basi kwamba kabla ya kulichukua bonde lile, mwenye kulitaka asimame mbele ya mama yule, aeleze anataka nini, kwa miaka mingapi na kwa fidia gani, kisha mama yule ainue mkono wa ndiyo au wa hapana.

Je, twasema kuwa Kalenga na vijiji vya bara ni pepo? La, hasha. Si siri kwamba vijiji vingi hupitisha miezi mingi bila ya mkutano ulioandikwa katika sheria. Mtendaji wa kijiji, mwenye muhuri na madaftari, hakuchaguliwa na wanakijiji. Ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Mwenyekiti naye, ijapokuwa huchaguliwa, hawezi kugombea isipokuwa kwa tiketi ya chama. Tena uchaguzi wa vijiji na mitaa wa Novemba 2019 ulikuja baada ya wagombea wengi mno wa upinzani kufutwa majina, na vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, hata chama kinachotawala kikachukua karibu viti vyote. Kura isiyo na mshindani ni mkutano wa 1954 uliorudi kwa jina jingine.

Na liko shimo jingine lililo mbele ya kila kijiji kilicho karibu na mji. Mji unapotanua mipaka yake na kukimeza kijiji, kijiji huwa mtaa. Mtaa una mwenyekiti wake aliyechaguliwa, na una mkutano wake, lakini hauna mamlaka ya kugawa wala kuzuia ardhi. Mamlaka hayo huenda katika halmashauri ya mji. Watu hushangilia siku wanapoitwa watu wa mjini, na hawatambui kuwa siku hiyo hiyo wamevuliwa nguo. Ushauri wetu kwa ndugu zetu wa Kalenga, na kwa kila kijiji kilicho pembezoni mwa mji, ni huu: fanyeni mpango wenu wa matumizi ya ardhi mapema, upitisheni katika Mkutano Mkuu, mipaka ipimwe, na kila mwenye shamba apate hati yake kabla mji haujabisha hodi.

Hata hivyo mtaa usio na mamlaka ya ardhi unaweza kufanya mengi watu wake wakishikamana. Tutoe mfano wa Hananasif, katika Kinondoni, Dar es Salaam. Ni mtaa uliojengwa bila ya ramani, bondeni, nyumba zimebanana, na mvua ikinyesha maji yaliingia mpaka vitandani. Katika miaka ya 1990 wakaazi waliunda jumuiya yao ya maendeleo, wakashirikiana na halmashauri ya jiji na mashirika ya Umoja wa Mataifa, wakachimba mifereji ya maji ya mvua na kutengeneza njia. Waliochimba walikuwa wakaazi wenyewe, wakilipwa ujira wa kazi yao. Kabla ya koleo la kwanza kuingia ardhini ilibidi watu wapatane njia ya maji ipite wapi, na ukuta wa nani usogezwe. Hapo ndipo penye kazi ngumu ya jumuiya yoyote ya wakaazi. Mfereji huchimbwa kwa wiki kadhaa. Mapatano ya majirani huchukua miezi, wala hayapatikani kwa barua kutoka juu.

Sasa turudi kwetu.

Mji wetu wa Unguja umepata mipango minne mikubwa katika karne iliyopita: wa Lanchester mwaka 1923, wa Kendall mwaka 1958, wa mabingwa wa Ujarumani ya Mashariki mwaka 1968, na wa mabingwa wa China mwaka 1982. Yote minne iliandikwa na wageni waliokuja na kalamu zao. Katika mpango wa 1968 yalitoka majumba marefu ya Michenzani, yaliyokata katikati ya Ng'ambo, na nyumba za watu zikavunjwa kuyapisha. Wako waliopata fleti yenye maji na umeme wakafurahi, na hatuwakatalii furaha yao. Lakini mkaazi wa Ng'ambo hakupewa kura katika mpango hata mmoja kati ya hiyo minne. Katika miaka ya 2010 ilifanywa kazi nyingine, nayo ikapewa jina zuri la Ng'ambo Tuitakayo, na wakaazi wakaulizwa khabari za mitaa yao, za mabaraza yao na za miti yao. Twaisifu kwa hilo. Ila mtu kuulizwa ni jambo moja, na kuamua ni jambo la pili.

Wala tusidanganyane kwamba watu wetu hawajui kukaa na kuamua. Katika vijiji vya kusini ya Unguja wazee wetu walikuwa na baraza la Watu Wanne, wenye kusimamia mambo ya mji na ardhi yake. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojenga juu yake, na serikali ya Mngereza ikatetemeka. Watu wale hawakuwa na mabingwa wa mipango. Walikuwa na majirani.

Leo hali ikoje? Kiongozi wa karibu wa mkaazi wa visiwani ni sheha. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Mnyororo huo waanza juu na mizizi yake iko juu. Sheha ndiye anayemjua nani mkaazi na nani si mkaazi. Barua yake hutakiwa katika mambo mengi ya mtu, toka kitambulisho mpaka kiwanja. Tunao madiwani waliochaguliwa, ni kweli, lakini wadi ni kubwa, na mwananchi mwenye ugomvi wa mpaka hamwendei diwani, humwendea sheha. Na ardhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1964 kuwa ya Serikali, na Sheria ya 1992 ikaiweka mikononi mwa Rais. Wala hakuna mkutano wa shehia wenye nguvu ya sheria ya kumchagua sheha, kumwondoa, au kuzuia kipande cha ufukwe kisitolewe. Mwaka 2021 ilipotangazwa kuwa baadhi ya visiwa vyetu vidogo vimekodishwa kwa wawekezaji, wavuvi wanaotua huko kupumzika na kukausha nyavu walizisikia khabari kama wengine wote walivyozisikia: baada ya mambo kwisha.

Wakubwa wanayo methali waipendayo, ijapokuwa hawaitamki: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Wapo watakaotujibu kuwa kumchagua sheha kutaleta fitina mitaani, na kwamba visiwa hivi vimeshaumizwa na siasa vya kutosha. Hoja hiyo twaiheshimu, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Twakumbuka siasa za miaka ya 1957 mpaka 1963, zilivyogawa maduka, visima na hata mazishi. Twakumbuka na zilizofuata baada ya 1992. Lakini twauliza: fitina hiyo yatoka wapi? Mkaazi akimwona sheha kuwa ni mtu wa upande mmoja, aliyewekwa na upande mmoja, fitina imekwisha kuingia mtaani kwa mlango wa mbele, na imepewa muhuri.

Kwa hivyo sisi twapendekeza dawa iliyo bora kuliko ile ya bara. Sheha achaguliwe na wakaazi wa shehia yake, naye asigombee kwa tiketi ya chama chochote. Achaguliwe kwa uadilifu wake na kwa kujulikana kwake. Tunajua maana ya maneno haya. Maana yake ni kwamba hata chama chetu hakitasimamisha masheha, wala hakitajivunia idadi yao. Na iwe hivyo. Chama kinachodai haki kwa sharti kwamba haki hiyo ikinufaishe chenyewe kinafanya biashara.

Pamoja na hilo twadai mambo matatu. Kwanza, mkutano wa wakaazi wa shehia uwekwe katika sheria, ukutane kila miezi mitatu, na maamuzi yake yaandikwe katika daftari ambalo kila mkaazi ana haki ya kulisoma. Pili, ufukwe, kiwanja, kisiwa, njia ya kwenda baharini, kiwanja cha mpira au makaburi ya shehia yasitolewe kwa mtu yeyote mpaka ramani na masharti yamebandikwa mahali pa wazi na mkutano umepiga kura. Tatu, fedha yoyote iliyochangwa na wakaazi au kuletwa kwa ajili yao isomewe hesabu mbele yao, senti kwa senti.

Lakini sheria haitashuka kama mvua, wala wananchi wasikae wakaitazama mbingu. Yapo ambayo mtaa waweza kuyafanya tangu leo. Wakaazi wa mtaa wanaweza kuunda kamati yao ya majirani, bila ya kumwuliza mtu chama chake. Wanaweza kuandika orodha ya visima vyao, ya njia za maji ya mvua, ya mipaka ya makaburi na ya viwanja vya watoto, wakaiweka kwa mkono wa watu watatu wanaoaminika. Wanaweza kumwalika sheha wao kwa adabu, aje ayaone na ayasikie. Sheha wengi ni watu wema waliowekwa katika kazi ngumu; wakiona watu wamekaa pamoja wenye karatasi mkononi, nao watapata nguvu ya kuwajibu wakubwa wao. Mtaa wenye orodha hauibiwi kwa wepesi.

Ndugu zetu wa Kalenga walipigwa mizinga, wakahutubiwa, wakafanyiwa operesheni, na baada ya yote wakapewa na sheria haki ya kusema hapana. Yawapasa waitumie, kwani haki isiyotumika huota kutu. Nasi wa visiwani yatupasa tuidai, mtaa kwa mtaa, shehia kwa shehia, kwa amani na bila ya kuchoka, mpaka siku ambayo hakuna ofisa atakayekuja na ramani mkononi asianze kwa kuwauliza wenyeji kama wanaitaka.

Wananchi, kaeni pamoja. Andikeni. Semeni.